Siku moja ya kutembea kwa miguu na kupanda basi pwani ya Amalfi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa msafiri anayetaka kuizunguka pwani ya Amalfi, kusini mwa Italia, bila gari la kukodi na bila kundi la watalii: miguu yake, basi la abiria, na boti pale inapofaa. Majibu yote yamesimama juu ya kanuni moja. Basi likupandishe mlimani, miguu ikushushe baharini. Ukiishika hiyo, siku itakuwa tamu. Ukiigeuza, utapanda ngazi mchana wa jua kali na bahari yote iko mgongoni kwako.

Pwani ya Amalfi ni ipi hasa?

Kusini mwa Napoli kuna rasi iliyoingia baharini, yenye safu ya milima ya Lattari katikati. Upande wa kaskazini wa rasi hiyo uko mji wa Sorrento, unaotazama ghuba ya Napoli. Upande wa kusini, unaotazama ghuba ya Salerno, ndio pwani ya Amalfi. Ukitoka magharibi kwenda mashariki unakutana na Positano, Praiano, Furore, Conca dei Marini, Amalfi, Atrani, Minori, Maiori, Cetara, kisha Vietri sul Mare mlangoni mwa Salerno. Juu mlimani kuna Agerola, Scala, Ravello na Tramonti. UNESCO iliiingiza pwani hii katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997.

Mpangilio huo ukae kichwani, kwa maana kuna barabara kuu moja tu kando ya bahari, SS163, na mabasi yote ya pwani yanapita hapo. Imechongwa ubavuni mwa jabali, nyembamba, kona baada ya kona. Kwenye ramani miji inaonekana imebanana, lakini kilomita 10 za huku si kilomita 10 za barabara ya kawaida.

Je, siku moja inatosha?

Inatosha kwa njia moja nzuri ya miguu na miji miwili. Haitoshi kwa Positano, Amalfi, Ravello na kisiwa cha Capri kwa pamoja, hata kama kuna matangazo ya ziara yanayoahidi hivyo. Anayejaribu yote hutumia siku yake kwenye foleni za vituo vya basi.

Nilale wapi usiku wa kuamkia safari?

Amalfi mjini ndipo pazuri kuliko pote, kwa sababu mistari ya mabasi inakutana pale: ya Sorrento kupitia Positano, ya Salerno kupitia Maiori, ya Ravello na ya Agerola. Yote huanzia uwanja wa Flavio Gioia, mbele ya bandari. Ila vyumba vya Amalfi ni ghali.

Wa mfuko mdogo namshauri Salerno. Ni mji wa kawaida wa watu wanaofanya kazi zao, una vyumba vya bei nafuu, una stesheni kubwa inayofikiwa na treni za mwendo kasi kutoka Roma na Napoli, na una bandari ya boti za kwenda Amalfi na Positano. Sorrento nayo inafaa ukitokea Napoli kwa treni ya Circumvesuviana, safari ya saa moja na dakika kadhaa. Hapo Positano patakuwa karibu, Ravello mbali.

Ni mara yangu ya kwanza. Nitembee njia ipi?

Sentiero degli Dei, yaani Njia ya Miungu. Inaanzia Bomerano, kitongoji cha Agerola kilicho zaidi ya mita 600 juu ya bahari, na kuishia Nocelle, kijiji kilicho juu ya Positano kwenye mita 400 na kitu. Urefu wake ni kama kilomita 6 hadi 7, na mtu wa kawaida anayesimama kupiga picha na kunywa maji huimaliza kwa saa mbili na nusu hadi tatu.

Mpango wangu ni huu. Panda basi la asubuhi kutoka Amalfi kwenda Agerola. Linapanda kona kwa kona kupitia Furore, na baada ya kama dakika 40 uko Bomerano. Mwambie dereva tangu unapopanda kwamba unashuka Bomerano, maana basi linaendelea hadi vitongoji vingine vya Agerola. Kabla ya kuanza kutembea pita kwenye duka la vyakula. Agerola ni nchi ya maziwa: jibini yao laini ya fior di latte inajulikana Italia yote, na muuzaji atakukatia mkate, atie jibini na nyanya, akufungie. Jaza maji hapo hapo, kwa sababu katikati ya njia hakuna duka wala bomba.

Kutoka uwanja wa kijiji fuata vibao. Mwanzoni unapita kando ya pango kubwa liitwalo Grotta Biscotto, lenye mabaki ya nyumba za mawe zilizojengwa chini ya mwamba, kisha unafika Colle Serra, pale njia inayotoka Praiano inapoungana na yako. Baada ya hapo mashamba ya ngazi-ngazi yanabaki chini yako, na njia inakuwa mstari mwembamba kati ya jabali na anga. Mbele unaona visiwa vidogo vya Li Galli, na kwa mbali Capri na miamba yake iliyochomoza majini. Kwa macho yangu, hakuna kipande cha pwani ya Italia kinachoshinda hiki, na hakina kiingilio.

Kuna sehemu za mawe ambapo utashika kwa mkono, na chache zenye mteremko mkali pembeni. Mwenye kizunguzungu cha kimo aende na mwenzake, na afikirie vizuri kabla. Si njia ya kupanda kwa kamba, lakini si matembezi ya bustanini pia.

Kwa nini nisianzie Positano?

Kwa sababu utaanza na ngazi. Kutoka usawa wa barabara pale Arienzo hadi Nocelle kuna ngazi kama 1,500 na zaidi, na utakuwa umezimaliza kabla njia yenyewe haijaanza. Halafu mandhari bora, ya Positano na Capri, utayapa mgongo. Kutoka Praiano pia inawezekana: unapanda hadi konventi ya San Domenico, unapumzika, unaendelea hadi Colle Serra. Hiyo ni ya wenye mapafu mazuri.

Nikifika Nocelle, nateremkaje hadi Positano?

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni basi dogo la mtaa linaloshuka kupitia Montepertuso hadi Positano. Hili si lile la mstari wa pwani, tiketi yake ni tofauti, na mchana wa msimu hujaa haraka. Ya pili ni zile ngazi za Arienzo. Zinateremka kati ya malango ya nyumba na bustani za malimau hadi barabara kuu, na kutoka hapo unatembea barabarani kuelekea Positano. Ndiyo sehemu nisiyoipenda, kwa sababu ya magari. Ya tatu ndiyo ninayoipendelea: tembea kutoka Nocelle hadi Montepertuso, kijiji chenye mwamba uliotoboka tundu kubwa juu yake, kisha shika ngazi zinazoingia Positano moja kwa moja.

Ukichagua ngazi yoyote, magoti yako yatajua. Ngazi za kushuka huumiza kuliko za kupanda, hasa baada ya saa tatu za mwendo. Mwenye goti bovu asione haya kupanda basi.

Naweza kutembea kando ya barabara kuu kutoka mji mmoja hadi mwingine?

Hapana, isipokuwa vipande vifupi. Sehemu kubwa ya SS163 haina njia ya waenda kwa miguu, ukuta wa mwamba uko upande mmoja na ukingo upande wa pili, na basi linapopinda kona hujaza barabara yote. Simu yako inaweza kukuonyesha kwamba Positano hadi Praiano ni mwendo wa saa moja na kitu. Usiifuate.

Kuna kipande kimoja salama ambacho kila mtu anapaswa kukitembea, nacho ni Amalfi hadi Atrani: dakika 10 hadi 15, na kuna handaki la waenda kwa miguu linalokuepusha na magari. Atrani ndiyo manispaa ndogo kuliko zote Italia kwa eneo, haifiki hata robo ya kilomita ya mraba, na bado ina kanisa, uwanja na ufuo wake. Watalii wengi huipita kwa basi bila kujua. Jioni kaa pale uwanjani.

Tiketi za basi zinanunuliwa wapi?

Mabasi ya pwani yanaendeshwa na kampuni ya SITA Sud. Usitegemee konda wa kukukatia tiketi kitini kama kwenye daladala au matatu, hakuna konda. Nunua kabla ya kupanda, kwenye duka la tumbaku lenye kibao cha herufi T kubwa nyeupe, au kwenye mabaa na vibanda vya magazeti karibu na vituo. Ukiingia ndani ya basi, igonge tiketi kwenye mashine. Tiketi isiyogongwa inahesabika kama huna, na wakaguzi hutoza faini papo hapo.

Kwa siku ya namna hii uliza tiketi ya saa 24, iitwayo COSTIERASITA. Bei yake miaka ya karibuni imekuwa karibu yuro 10, na kwa mtu atakayepanda mabasi manne inalipa. Zaidi ya pesa, inakuondolea hangaiko la kutafuta duka lililo wazi katika kijiji ambacho mchana kila mtu amefunga na kwenda kula. Ukitaka tiketi za safari moja moja, nunua za siku nzima asubuhi.

Ratiba ya basi naisomaje?

Angalia kwanza maneno mawili. *Feriale* ni siku za kazi, na Jumamosi imo. *Festivo* ni Jumapili na sikukuu. Mgeni anayefika Jumamosi akadhani ni wikendi husoma safu isiyo yake na kulikosa basi. Pia kuna mabasi yanayotembea siku za shule tu, hivyo ratiba ya Mei si ya Agosti. Pakua ratiba mpya kutoka kwa kampuni yenyewe siku moja kabla. Karatasi iliyobandikwa kituoni inaweza kuwa ya msimu uliopita.

Neno jingine la kujua ni *sciopero*, mgomo. Migomo ya usafiri Italia hutangazwa mapema, na mara nyingi hupangwa Ijumaa. Tazama habari kabla hujalala.

Kisha panga siku yako kuanzia mwisho kurudi nyuma. Tafuta kwanza basi la mwisho la kukurudisha unapolala, chagua lile linalotangulia la mwisho, halafu ndio uhesabu saa za kutembea. Watu wengi hupanga kuanzia asubuhi, na jioni huwanyang'anya.

Basi likifika limejaa?

Kati ya Juni na Septemba hilo ni jambo la kawaida. Dereva hachukui abiria kupita kiasi. Atakupungia mkono na kupita. Dawa ni kupanda kwenye kituo cha mwanzo, au walau kilicho karibu na mwanzo.

Positano inaeleza vizuri jambo hili. Ina vituo viwili vya barabara kuu: Chiesa Nuova upande wa Sorrento, na Sponda upande wa Amalfi. Basi linalotoka Sorrento kwenda Amalfi hufika Chiesa Nuova kwanza. Kwa hiyo anayekwenda Amalfi apande Chiesa Nuova, na anayekwenda Sorrento apande Sponda. Nafasi chache zilizopo huchukuliwa na waliosimama kituo cha kwanza.

Nikae upande gani?

Ukitoka Sorrento kuelekea Amalfi, kaa kulia. Bahari iko chini ya dirisha lako. Ukirudi, kaa kushoto. Mwenye kichefuchefu cha kona akae mbele, aangalie barabara na si simu, na asiwe amekula kifungua kinywa kizito. Kipande cha tangawizi mdomoni kinasaidia.

Boti je?

Boti ndiyo malipo ya siku iliyotumika vizuri. Kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi zinaunganisha Salerno, Amalfi na Positano, na baadhi husimama Minori, Maiori na Cetara. Positano hadi Amalfi ni kama dakika 25, Amalfi hadi Salerno kama 35, na hakuna foleni ya magari baharini. Ni ghali kuliko basi mara kadhaa. Hata hivyo, baada ya kuteremka kutoka milimani, kuiona njia uliyopita ukiwa chini yake, nyumba za Nocelle zimening'inia pale juu, ni jambo ambalo dirisha la basi haliwezi kukupa. Tahadhari moja: bahari ikichafuka, boti husitishwa. Usitegemee boti ya mwisho bila kujua basi la akiba.

Nipo na mama yangu mzazi na watoto. Kuna njia nyepesi?

Ipo, na mimi siiiti ya daraja la pili. Pandeni basi la Amalfi kwenda Ravello, kama nusu saa. Ravello uko mita 350 na zaidi juu ya bahari, mji mtulivu, magari hayaingii katikati. Ingieni bustani za Villa Rufolo, ambazo mtunzi wa muziki Mjerumani Richard Wagner alizitembelea mwaka 1880 na kusema ameipata bustani ya mchawi Klingsor ya opera yake ya Parsifal. Kwa heshima yake, kila kiangazi tamasha la muziki la Ravello hujenga jukwaa linaloning'inia juu ya bonde, okestra ikipiga na bahari nyuma yake. Villa Cimbrone nayo ina baraza yenye sanamu za mawe zilizopangwa ukingoni. Mama atapata benchi.

Wenye miguu wateremke kwa ngazi kupitia Torello hadi Minori, kama saa moja kasoro. Mama na mdogo kabisa warudi kwa basi na kukutana nao chini. Minori kuna mabaki ya jumba la Kirumi la karne ya 1 katikati ya mji, na kuna maduka ya keki yenye sifa. Kutoka hapo Njia ya Malimau, Sentiero dei Limoni, inaunganisha Minori na Maiori. Ni fupi, chini ya kilomita 3, ina ngazi mia kadhaa, na inapita kati ya mashamba ya limau liitwalo sfusato: refu, lenye ganda nene, linaloliwa likiwa limekatwa vipande na kunyunyizwa sukari au chumvi. Kabla ya barabara kujengwa karne ya 19, hizi ngazi ndizo zilikuwa barabara. Wanawake walibeba malimau vichwani na mabegani hadi ufuoni, mizigo ya makumi ya kilo. Kwa watoto wa pwani yetu waliozoea kuona mzigo kichwani, hiyo ni historia wanayoielewa mara moja.

Ni miezi gani bora?

Mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Juni, kisha mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Julai na Agosti njia ya milimani haina kivuli, na joto hupita nyuzi 30. Ukilazimika, uwe umeanza kutembea kabla ya saa 2 asubuhi. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Ferragosto, Italia nzima iko pwani. Wakati wa baridi miji ni mitulivu na vyumba vina nafuu, lakini boti hazipo na hoteli nyingi zimefungwa.

Nivae nini, nibebe nini?

Raba zenye soli inayoshika. Kandambili ziache hotelini, maana mawe ya njia yamesuguliwa na miguu ya miaka mingi na yanateleza. Lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu, kofia, na kitambaa chepesi cha kufunika mabega ukiingia makanisani. Kina mama, khanga inatosha kwa hilo, na kwa kukalia pia. Sanduku la magurudumu usilipeleke mlimani. Liache kwenye sehemu za kutunzia mizigo Amalfi, Sorrento au Salerno.

Chakula halali kinapatikana?

Vyakula vya baharini ndivyo kimbilio. Scialatielli, tambi nene za Amalfi, pamoja na kome na kamba. Dagaa wa Cetara. Pizza ya marinara isiyo na jibini wala nyama. Uliza kama mchuzi wa samaki umetiwa mvinyo mweupe, kwa sababu mara nyingi hutiwa. Sfogliatella, ile keki ya matabaka, kwa asili hutengenezwa na mafuta ya nguruwe, na delizia al limone inaweza kuwa na pombe ya limau. Ukiuliza kwa upole, jikoni watakwambia ukweli.

Afadhali nikodi gari?

Kwa njia hizi, hapana. Kutembea kwa mwelekeo mmoja kunataka usirudi ulikoanzia, na gari linakurudisha. Maegesho ni machache na ghali mno. Isitoshe, tangu 2022 siku za msongamano kuna zamu za namba za magari kati ya Vietri na Positano: namba shufwa siku moja, witiri siku nyingine, wageni wakihusika kuliko wenyeji.

Nina pasipoti ya Afrika Mashariki. Nahitaji viza?

Unahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya kundi la nchi za Ulaya, Italia ikiwemo, isipokuwa kama una kibali cha ukaazi cha nchi iliyomo Schengen. Kibali cha Uingereza au kadi ya kijani ya Marekani havikuondolei sharti hilo, na ndipo wengi wanapokwama. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi, na ombi linapokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari.

Amalfi mjini nitenge muda gani?

Saa mbili, jioni, wageni wa siku moja wakishaondoka. Panda ngazi 62 za kanisa kuu la Sant'Andrea. Milango yake ya shaba ilitengenezwa Konstantinopoli, Istanbul ya leo, katika karne ya 11, na ua wa ndani, Chiostro del Paradiso wa karne ya 13, una matao membamba yaliyopishana kwa mtindo wa Kiarabu. Si ajabu: Amalfi ilikuwa dola ya wafanyabiashara wa baharini, waliokuwa na maghala hadi Misri na Shamu. Halafu Pisa wakaipora karne ya 12, na mwaka 1343 bahari ikavunja sehemu kubwa ya bandari. Mji unaouona leo ni mdogo sana ukilinganisha na jina lake, na kwa sababu hiyo unastahili kutazamwa taratibu.

Mvua ikinyesha, au nikikosa basi la mwisho?

Mvua kubwa ikitabiriwa, usiende Njia ya Miungu. Mawe huanguka, ukungu hufunika alama, na huwa mamlaka hufunga vipande vya njia. Nenda jumba la makumbusho la karatasi Amalfi, ndani ya kinu cha zamani ambako bado wanaonyesha namna karatasi ya matambara ilivyotengenezwa.

Basi la mwisho likikupita, uliza kwanza hotelini au kwenye baa iliyo karibu kama kuna mtu wa teksi wanayemfahamu, na mpatane bei kabla hujaingia ndani, kwani usiku zinafika makumi ya yuro hata kwa umbali mfupi. Ukiwa Minori au Maiori, vyumba vya dharura ni rahisi kupata kuliko Positano. Ukiwa bado mlimani giza likikukuta, usijaribu njia za mkato za kuteremka: baki kwenye njia yenye alama, washa tochi, na piga 112.